Simu Haichukii Mtu

"Hivi simu inaweza kumchukia mtu yenyewe?"

Jirani aliwahi kumuuliza fundi cherehani swali hilo, baada ya kukutana safarini na dereva wa lori aliyekuwa mchumba wa fundi huyo. Dereva alilalamika kwamba kila akimpigia mchumba wake hampati.

Fundi cherehani alicheka kicheko cha mtu aliyechoka.

"Mwanaume akikuchoka, jirani, hasemi. Anasingizia mtandao."

Mwaka ukapita. Fundi cherehani akaposwa na fundi simu, rafiki wa dereva huyo, aliyekuwa amemfuta machozi. Serikali ilipoleta mpango wa kufundisha watu wazima programu za simu na kompyuta, akajiandikisha, ingawa mgongo ulimuuma kwa kushona.

"Utasinzia darasani, mama watoto wangu," mchumba akamtania. "Kitu kikikushinda, si nipo?"

Jioni moja mwalimu, binti mdogo, akasema:

"Programu haina moyo, mama zangu. Haimpendi mtu, haimchukii mtu. Inatii aliyeiagiza. Haya, fungueni jina lolote, tuone namba inavyozuiwa."

Fundi cherehani akafungua jina la dereva, ambalo hakuwahi kuwa na moyo wa kulifuta. Palikuwa pameandikwa: Umezuia namba hii.

"Mwalimu, mimi sijamzuia mtu."

"Basi kuna mwingine aliyeishika simu yako, mama."

Aliyewahi kuishika ni mmoja tu, siku ilipopasuka kioo. Akaondoa kizuizi, akaandika: "Ni mimi. Ulikuwa unanipigia?"

Jibu lilimkuta njiani: "Nilipiga mpaka nikakata tamaa. Rafiki yangu akaniambia umenichoka. Sasa nimeoa, mke wangu ni mtu mwema. Mungu akutunze."

Katika kibanda cha kushonea, fundi simu alinyoosha mikono apimwe suti ya harusi. Akampima bega, akamuuliza taratibu:

"Siku ile uliponibadilishia kioo, ulimzuia nani?"

Mikono ikashuka.

"Nilikupenda mimi kwanza. Yeye aliniwahi kusema tu."

"Nililia mbele yako mwaka mzima."

"Na nani alikubembeleza? Si mimi?"

"Ni wewe. Na kila nikipiga magoti, nilimshukuru Mungu kwa ajili yako."

"Nisamehe, mpenzi. Watu wameshaalikwa. Niambie basi, nifanye nini?"

Fundi cherehani akauvuta utepe wa kupimia kutoka begani mwake, akaukunja polepole kama anavyoukunja akifunga kazi, akautia mfukoni, akatoka.