Vizibo Ishirini na Vinne vya Dada

Ndugu zangu, nisikilizeni, na mwenye dada nyumbani asogee karibu zaidi.

Jumamosi moja nyumba ilikuwa imetulia. Dada yangu alikaa kizingitini, anapaka rangi vizibo vya soda: kumi na viwili vyekundu, kumi na viwili vya bluu. Dada ni msaidizi wa mwalimu, darasa la kwanza. Miaka minne anafuta watoto pua na kuchonga penseli, jioni anasomea ualimu. Kilibaki kitu kimoja tu: Jumatatu saa tatu, mkaguzi aje amwone akifundisha hesabu za kutoa. Akifaulu, cheti. Akianguka, mwaka mzima tena wa kufuta pua.

Utulivu haukufika mbali.

"We msaidizi!" Mjomba alipaza sauti toka ndani. "Chai iko wapi?"

"Iko jikoni, Mjomba."

"Sasa itakuja yenyewe?"

Dada akaweka brashi, akaenda. Kurudi tu, nikamdaka mimi: "Dada, shati langu halina kifungo." Akaweka brashi tena. Na mikono ninayo miwili, na sindano naijua. Shule niliachia darasa la sita, lakini uvivu niliusoma mpaka mwisho.

Mjomba ni bingwa wa drafti, kwa maneno yake mwenyewe. Kete zake zilikuwa zimepotea. Jumapili nikaliona kopo la Dada juu ya kabati, vizibo vinang'aa, vimekaa tu. Nikavimimina mfukoni nimpelekee Mjomba viwe kete, nikatia kokoto ndani ili kopo likitikiswa liendelee kulia. Akili hiyo ningeitumia shuleni, leo ningekuwa mbali.

Jumatatu, saa tatu kasoro robo, simu ikalia.

"Kopo langu limejaa kokoto," Dada alisema polepole. Sauti hiyo naiogopa kuliko matusi. "Vizibo viko wapi?"

Viko mbele yangu. Mjomba anacheza na fundi viatu.

"Mjomba, vikusanye twende shuleni!"

"Nivikusanye? Nimebakiza hatua moja niingie kingi! Mchezo hauvunjwi!"

Basi tukaubeba ubao wa drafti hivyohivyo, yeye huku, mimi kule, tunatembea kama tumebeba beseni la maji. Fundi viatu nyuma yetu, analinda kete zake zisiibwe.

Tukaingia darasani. Mkaguzi keshakaa, kalamu mkononi. Dada akatutazama sisi, akatazama ubao. Nikajua amekwisha, na aliyemmaliza ni mimi.

"Watoto," akasema, "tuna wageni. Mjomba huyu alianza na kete nyekundu kumi na mbili. Hebu hesabuni zilizobaki."

Wakauzunguka ubao. "Tano!"

"Kwa hiyo zimeliwa ngapi?"

Vidole vikahesabiwa. Kasichana kasiko na meno ya mbele kakaruka juu: "Saba! Na huyu babu hajui kucheza!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mkaguzi akajificha nyuma ya daftari, mabega yanatikisika.

"Nilikuwa naingia kingi," Mjomba akanung'unika.

"Zana nzuri sana," mkaguzi akasema. "Na hawa ni kina nani?"

"Ni watu wa nyumbani kwangu," Dada akajibu. "Wananisaidia."

Heri angenitukana.

Cheti alikipata. Siku aliyokuja nacho, Mjomba akapaza sauti kama kawaida: "We msaidizi! Chai!"

"Msaidizi kahama, Mjomba," Dada akajibu bila kuinuka. "Hapa amebaki mwalimu."

Mjomba akaingia jikoni mwenyewe. Kiberiti tu alikitafuta nusu saa.

MAFUNZO

Jamani, anayesoma huku anafanya kazi si mtumishi wa ukoo. Kitu chake ukikiona kimekaa, kinamngoja yeye, hakikungoji wewe. Muulize kwanza. Kifungo shona mwenyewe. Dada yangu aliokoka kwa akili yake, siyo kwa wema wetu, na si kila dada atampata mkaguzi anayejua kucheka.

Anayebisha amuulize Mjomba. Kila asubuhi kale kasichana kanamsimamisha njiani, kanamwamkia kwa adabu zote: "Shikamoo, Babu Saba!"