Oili Nzito Asubuhi ya Kipupwe

Tuta ambalo Muhidini na shemeji yake Idrisa walikuwa wakilitengeneza lilikatika nyuma yao alfajiri, na maji makuu ya bamvua yakaizoa njia ya kurudi Kibiti. Mvua ya usiku kucha, isiyo na adabu hata ikaja kipupwe, ilikuwa imeangusha mkoko ukamponda Idrisa mguu. Muhidini alimfunga jeraha kwa nguo yake ya msuli, akampandisha kwenye tingatinga lao kuukuu. Sasa asubuhi ilikuwa imesogea, na mkondo wa mbele ulikuwa umekupwa. Wakivuka kabla maji hayajajaa, watafika zahanati ya Nyamisati. Wasipovuka, Idrisa ataishiwa damu palepale.

Injini iliwaka. Gia haikushika.

"Jaribu ya nyuma," alisema Idrisa. Yeye ndiye fundi. Muhidini dereva tu.

Nayo ikagoma.

"Zote mbili? Basi siyo klachi ya upande mmoja. Chomoa stiki ya kupimia. Oili ina weupe?"

"Haina, maji hayajaingia. Ila inaning'inia kama asali."

Idrisa alimkazia macho. "Nani kaweka oili nzito, shemeji?"

"Mimi. Sili ya giaboksi ilikuwa inavuja. Nikasema joto letu hili litailainisha tu."

Joto lenyewe lilikuwa limekwenda zake. Idrisa aligeuza uso.

Muhidini aliona aibu, kisha hata aibu ikafa ganzi kama vidole vyake. Alizima injini, akafungulia oili kwenye ndoo, akawasha magogo ya mkoko kwa dizeli. Akaipasha kwenye sufuria yao ya ugali, sufuria baada ya sufuria, akiirudisha kwenye giaboksi ikifuka moshi. Maji yalikuwa yamegeuka, yanalamba minyororo ya tingatinga. Hakuogopa. Alimimina tu.

Alipowasha, gia iliguna ikakataa. Akajaribu tena. Tingatinga likashtuka, likang'ata tope, likateremka mkondoni huku maji yakipanda juu ya minyororo, na Idrisa amelala kimya ubavuni pake. Muhidini hakuthubutu kumgusa aone kama bado ana joto.

Nyamisati watu waliwapokea kwa kelele. Nesi alimwinamia Idrisa na mkasi, akaanza kuikata ile nguo ya msuli mguuni. Muhidini alisimama kando, mkavu ndani, akisubiri kuambiwa lolote.

Idrisa alifumbua macho, akausukuma mkono wa nesi.

"Dada, anza na shemeji yangu. Mikono imembabuka yote, wala hana habari."

Muhidini akaitazama. Ngozi ilikuwa imeachia viganjani. Ndipo ilipoanza kuuma, naye akalia kwa sauti mbele za watu.