Kompyuta Iliyobarikiwa Kabla ya Kuwashwa

Asubuhi Matogoro kuna baridi. Ukungu unashuka kutoka mlimani na kukaa juu ya migomba. Mimi nasali, nachemsha chai, namwamsha binti yangu Adela. Kisha tunateremka mtaa wa Majengo, mjini Songea, kufungua steshenari yetu.

Steshenari hiyo ndiyo inayotulisha tangu baba yake Adela afariki. Adela anachapa kwenye kompyuta. Mimi nauza kalamu, natoa kopi, nabana karatasi kwa pini. Sikusoma zaidi ya darasa la saba, lakini macho ninayo. Kila karatasi inayotoka pale naipitia kwanza.

Jumatano moja alikuja Mwalimu Hironimus, mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Mpitimbi. Alikumbatia bahasha kubwa kama amebeba mtoto mchanga.

"Mama Adela, walimu wa kata nzima tumekubaliana," alisema. "Mitihani yote ya majaribio ichapwe hapa. Adela hakosei. Lakini safari hii kuna ramani, kuna michoro ya sayansi. Mtaweza?"

"Tutaweza," Adela alijibu.

"Na siri?"

"Mwalimu, karatasi ya mtu ikiingia hapa haionwi na jirani," nilimwambia.

"Basi, Ijumaa ya wiki ijayo nazifuata. Nikizikosa nitaaibika mbele ya wenzangu. Na kazi ya kata haitarudi hapa tena."

Alipoondoka, tuliangaliana. Kompyuta yetu ilikuwa imechoka. Herufi zake zilikuwa zimefutika, na ikikutana na ramani inasita kama punda kwenye daraja. Tukauza mahindi tuliyoyaweka ya akiba. Kesho yake tukaenda kununua kompyuta nyingine yenye nguvu.

Tulienda kwa Ramson. Ramson ana duka la simu na kompyuta hapo Majengo. Tunasali naye kanisa moja. Alitupokea kwa furaha, akatutolea viti.

"Mama yangu, usihangaike," alisema. Akatoa kompyuta mpakato nyeusi, inang'aa, imefungwa nailoni. Pembeni ilikuwa na stika ya rangi ya dhahabu. "Soma hapo. Kumbukumbu GB kumi na sita! Hii ni ya maofisi makubwa. Adela akiigusa tu, imeshamaliza kazi."

"Naomba niiwashe," Adela alisema.

Ramson alishika kifua chake.

"Adela! Uiwashe kabla Padre hajaibariki? Mama, mtoto huyu vipi? Watu wanapeleka pikipiki mpya kanisani haijatembea hata hatua. Mashine ya kusaga haijasaga hata punje. Ninyi mnataka kuichana nailoni dukani?"

Maneno hayo yaliniingia. Huku kwetu ndivyo tunavyofanya. Kitu kipya cha kutafutia riziki kinaenda kwanza kwa Padre, kikiwa hakijaguswa.

"Ikiwa na tatizo?" nilimuuliza.

"Irudishe kabla ya Jumapili, nakubadilishia bila neno."

Sasa wewe msomaji umeshaona. Baraka zinatolewa Jumapili, baada ya misa. Ramson anajua hivyo. Jumapili hiyo alisimama benchi la mbele kabisa. Padre aliponyunyiza maji juu ya nailoni yetu, Ramson alisema "Amina" kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni.

Jumatatu asubuhi Adela alichana nailoni, akaiwasha. Ilichukua muda kuamka. Tukasema labda inajizoeza. Akaanza kuchapa.

"Mama, njoo uone," aliita.

Alikuwa ameandika "Jibu maswali yote". Kwenye kioo lilionekana neno "Jibu" peke yake. Vidole vilikuwa vimeshamaliza, herufi zikaja baadaye moja moja, kama watu wanaotoka kwenye mkutano. Alipofungua ramani, kompyuta iliganda. Feni ikaanza kulia kama birika. Adela alisubiri, akasubiri. Ikazima.

Niliibeba mwenyewe mpaka kwa Ramson.

"Mama, hiyo haina kosa," alisema, hata hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Mmezoea ile ya zamani. Adela ana vidole vya haraka mno."

"Vidole vya haraka ni kosa?"

"Halafu muda wa kurudisha umepita. Tena hii imebarikiwa. Nani atanunua kitu ambacho kimeshanyunyiziwa maji kwa jina la mtu mwingine?"

Niliishika kaunta ili mikono isifanye dhambi. Mtu huyu alijua tangu siku ya kwanza. Alichukua imani yangu akaifanya turubai la kufunikia ubovu wake! Nilitoka pale bila kuaga.

Jioni tulifika nyumbani na kompyuta zote mbili mkobani. Jirani yetu Judica alikuwa anaanua nguo. Judica ni mwalimu wa kompyuta sekondari. Amehamia huku kutoka Same, anasali kwa Walutheri, na kila siku ananisaidia kuteka maji.

"Shikamoo, mama. Mbona uso hivyo?"

"Marahaba, mwanangu. Tumeibiwa mchana kweupe, na mwizi katupatia viti tukae."

Nilimweleza yote. Akauliza jambo moja tu.

"Mliipima?"

"Kuipima kwenye mizani?"

Alicheka, lakini si kwa dharau. Aliingia ndani kwetu, akakaa kwenye mkeka.

"Mama, stika inasema nini kimewekwa ndani, kama haidanganyi. Haisemi utasubiri kiasi gani. Na siku yako inaliwa na kusubiri. Kwa hiyo usipime jina la mashine. Pima ikifanya kazi."

"Kwa kutumia nini?"

"Kuna programu maalumu za kupima. Programu hiyo inajifanya mtu aliye kazini. Inafungua barua, inaandika, inakuza picha, inafungua kurasa za intaneti, inatoka hapa inakwenda pale. Kila kitu inachofanya, inahesabu imesubirishwa muda gani. Mwisho inatoa alama. Alama nyingi maana yake kusubiri ni kidogo."

"Aa, hilo ni bambo!" nilisema.

"Bambo ndiyo nini, mama?"

Sasa nikawa mwalimu mimi. Nilimweleza wanunuzi wa mahindi wanavyofanya hapa Songea. Hawatazami mdomo wa gunia, maana hapo kila mkulima anaweka punje nzuri. Wanachukua chuma chenye ncha na mfereji, wanachoma gunia katikati, punje za ndani zinatoka zenyewe. Chuma hicho ndicho bambo.

"Basi tumeelewana," Judica alisema. "Sasa tuchome hili gunia. Lete na ile ya zamani."

Adela aliziweka kompyuta mbili juu ya meza. Judica alichomeka flashi yake.

"Programu hii nimeitoa kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe," alisema. "Msikubali flashi ya mtu yeyote tu, mtaingiza virusi. Na tupime kwa haki. Zote ziwe kwenye umeme. Zote zimalize kwanza kuamka. Tufunge kila kitu kingine. Maswali yawe yaleyale kwa zote mbili."

"Kama chumba cha mtihani," Adela alisema.

"Hasa. Na tutarudia. Mashine nyingine inaanza vizuri, ikipata joto inalegea."

Tulikaa tukitazama. Ilikuwa ajabu. Kurasa zilijifungua zenyewe, maneno yalijiandika, picha zilikua na kupungua, na hakuna mkono uliogusa. Ya zamani ilimaliza, ikatoa alama. Ile mpya ilikuwa bado inahangaika na picha. Hatimaye nayo ikatoa alama zake. Judica alirudia zote mbili. Majibu yakawa karibu yaleyale.

"Mama," alisema taratibu, "ya zamani imeishinda hii."

Niliinuka kwenye kigoda.

"Ile iliyofutika herufi?"

"Hiyohiyo." Alibonyeza mahali, akatuonyesha. "Stika inasema kumbukumbu GB kumi na sita. Ndani ziko nne. Kumbukumbu ni kama meza ya kufanyia kazi. Mmeahidiwa meza ya harusini, mmepewa kigoda. Kila ukileta karatasi ya pili, ya kwanza inadondoka."

Adela alicheka. Kisha akaanza kulia. Kazi ya kata nzima ilikuwa ndani ya bahasha, na siku zinakimbia.

"Usilie," Judica alimwambia. "Kesho sina kipindi asubuhi. Twende wote. Lakini tubebe pia kazi yenu wenyewe ya kujaribia. Programu inapima kazi za watu wengi. Ninyi mna ramani."

"Nibebe mitihani ya Mwalimu Hironimus?"

"Hapana kabisa! Siri ya watu haifunguliwi kwenye mashine ya duka. Chukua mtihani wa mwaka juzi wenye ramani nzito."

Jumanne asubuhi tuliingia dukani tukiwa watatu. Dukani kulikuwa na wateja. Mmoja, mzee aliyeitwa Isidori, alikuwa ameshika begi lenye kompyuta, anataka kulipa. Begi lilikuwa na stika ya dhahabu kama yetu.

"Mama Adela, tumeshamalizana," Ramson alisema.

"Hatujaanza," nilimjibu. Nikaziweka zote mbili kwenye kaunta yake.

Judica aliomba umeme. Ramson akasema hizo programu ni michezo ya watoto wa shule.

"Sawa, kaka," Judica alisema. "Tuache programu. Adela afungue ramani moja kwenye zote mbili. Wateja watazame."

Adela alifungua. Kwenye kompyuta ya zamani ramani ilisita, kisha ikatokea. Kwenye ile yenye stika ya dhahabu kulikuwa na weupe mtupu. Feni ikaanza kulia. Watu walisogea.

"Inapumua kama imepanda Matogoro na mzigo," alisema dada mmoja, duka zima likacheka.

"Mama, unanivunjia heshima kwenye duka langu," Ramson alininong'oneza. "Na kitu chenyewe kimebarikiwa."

Hapo sikunong'ona.

"Padre aliibariki kazi ya mikono yetu! Hakuubariki uongo wako. Ulijua kilichomo, ukanituma kwa Mungu nikiwa nimefungwa macho. Halafu ukaja kusimama mbele ukaitikia Amina. Ramson, ile Amina ulikuwa unamwambia nani?"

Wateja wenye simu mkononi waliziteremsha.

Mzee Isidori aliliweka begi lake kaunta.

"Na hii yangu ichomwe hilo bambo lenu," alisema.

Judica aliiwasha, akatazama ndani. Stika kumi na sita, ndani nne. Mzee alirudisha mkono mfukoni pamoja na noti alizokuwa amezishika. Wateja wawili wakatoka bila kununua.

Ramson alijifuta jasho. "Jamani, hata mimi nimeletewa hivi. Chagueni nyingine, nitabadilisha."

"Hatuchagui," Adela alisema. Sijawahi kumsikia na sauti ile. "Tunapima."

Tulipima pale pale, mzee Isidori akiwa msimamizi. Ya kwanza ilikuwa nzuri sana kwa kutazama, alama zake zikawa haba. Ya pili ilianza vizuri, lakini tuliporudia ikapata joto na kuporomoka. Ramson hakutaka tuguse ile iliyokuwa kona, kwa sababu mfuniko wake umechubuka na haina stika yoyote. Tukaigusa. Ilimaliza maswali yote wakati sisi bado tunatafuta mahali pa kukaa. Tukarudia, alama zilezile. Adela akafungua ramani. Ikafunguka kama dirisha. Tukaichomoa kwenye umeme, tukaiacha ifanye kazi kwa chaji yake mpaka Judica aliporidhika.

"Hii iliyochubuka ndiyo mnaitaka?" Ramson alishangaa.

"Nachapa kwa mfuniko?" Adela alimuuliza.

Tuliondoka nayo. Mlangoni nilisikia mzee Isidori akisema, "Sasa mimi nianzie ipi?"

Adela alichapa Jumatano na Alhamisi. Mimi nilisoma kila karatasi, nikibana pini. Ijumaa Mwalimu Hironimus alifika. Alifunua kurasa polepole, akafika kwenye ramani, akaisogeza kwenye mwanga.

"Mito yote inasomeka," alisema. "Mama Adela, kata jirani wananiuliza tunachapisha wapi. Niwaelekeze?"

"Waelekeze, Mwalimu."

Siku hizi mtu akija steshenari na kusema anakwenda kununua kompyuta, Adela anamwambia maneno yaleyale. Usinunue stika. Beba kazi yako ya zamani, ile nzito kuliko zote. Iwashe hapohapo. Ipime kwa programu ya kuaminika, urudie ikiwa ya moto. Linganisha na nyingine. Hakikisha ndani kuna kilichoandikwa nje. Ukisharidhika, lipa, kisha peleka kwa Padre, kwa shehe, kwa mchungaji, kokote unakosalia. Mungu hachukii kitu kilichokwisha kuwashwa.

Wiki iliyopita jumuiya yetu ya kanisani iliamua kununua kompyuta ya ofisi ya kigango, kanisa letu dogo la parokia. Akinamama wakanichagua mimi niende nao. Tulipoingia dukani, Ramson alinyanyuka.

"Mama Adela! Tena?"

"Tena."

Akaanza kusifia moja, ya rangi ya fedha, yenye stika mbili. Nilivuta kiti, nikakaa mbele yake, nikaweka mkoba magotini.

"Ramson," nilimwambia, "washa."