Noti ya Badala ya Mwalimu Nicolas

Albamu ilikuwa wazi mezani. Mfuko mmoja wa plastiki ulikuwa mtupu, na Mwalimu Nicolas Kabamba, aliyefundisha hesabu Likasi mpaka kustaafu, alikuwa akilia kama mfiwa.

"Noti moja tu?" aliuliza Inspekta Cyrille Ngoie.

"Si noti tu, chef! Karatasi ikiharibika kiwandani wakati wa kuchapa, wanaitoa, wanaweka nyingine badala yake. Picha ya chui ileile, rangi ileile, lakini namba yake inaishia na Z. Nazikusanya tangu ujana!"

"Nani alijua?"

"Carlos, jirani. Nilimuonyesha mwenyewe." Mwalimu akashusha sauti. "Ni Mukasai, chef. Wako pale stesheni, wanangoja treni."

Ikatosha. Mwaka ule wa 1992 watu wa Kasai walikuwa wakifukuzwa majumbani mwao, wanalala vumbini na watoto, na kila kilichopotea mjini waliulizwa wao. Lisemwalo lipo, Inspekta alijiambia, akashika njia.

Alimkuta Carlos akimpepea binti yake mwenye homa. Inspekta akaimwaga mizigo ya Carlos mbele za watu: sufuria, mashuka, picha ya harusi. Noti hakuna.

"Chef, minye shiko mwizi. Mutoto iko mugonjwa. Niache, tafadhali."

"Utaeleza ofisini."

Akamfungia. Ushahidi hakuwa nao. Haya pia hakuwa nayo, siku ile.

Usiku wa pili Inspekta hakulala vizuri. Asubuhi akarudi kwa mwalimu, akaikagua albamu upya. Mlango wa nyumba haukuvunjwa. Mfuko haukuchanwa, noti ilichomolewa taratibu. Zilizobaki zote zilikuwa za Z pia, za zamani, adimu zaidi.

"Hizi sokoni zinapokelewa?"

"Hata karanga hazinunui, chef. Ile iliyoibwa tu ndiyo bado inapokelewa."

Basi mwizi hakutaka noti adimu. Alitaka kununua kitu.

Siku zile watu walilipana kwa mabunda machafu. Noti mpya isiyo na kunjo ilikumbukwa. Inspekta aliulizia maduka yote mpaka akafika kwa Guy, seremala wa karibu na stesheni. Guy akaitoa mfukoni. Mwisho wa namba: Z.

"Nani alikupa?"

"Mama Bibiane, muke ya mwalimu. Jana asubuhi. Alinunua sanduku."

"La nguo?"

"La maiti, chef." Guy akatenganisha viganja vyake, si sana. "Kadogo."

Inspekta aliichukua ile noti, akarudi moja kwa moja nyumbani kwa mwalimu.

Mama Bibiane hakuulizwa mara mbili. Alikaa, mumewe akiwa amesimama kando.

"Ni minye. Nilitaka kumununulia mutoto wa Carlos dawa. Nilizunguka famasi zote, dawa hakuna. Kufika stesheni, mumeshamubeba baba yake. Mutoto akanifia mikononi jioni ile. Ile noti ikawa ya sanduku."

"Na ukaacha mtu asiye na kosa alale ndani?"

"Niliogopa, chef. Nasikia haya mpaka kwenye mifupa."

"Kwa nini hukuniomba mimi?" mwalimu alifoka.

"Wewe?" Akamgeukia. "Huyo mutoto nilimubeba kwenye ubatizo. Walipofukuzwa, Carlos alikuja kukuaga. Ulifunga dirisha, Nicolas. Ningekuomba nini?"



Inspekta aliirudisha ile noti mezani. Mwalimu hakuigusa. Alivaa koti, akamfuata Inspekta mpaka kituoni bila kuambiwa.

Mlango wa selo ulipofunguliwa, Carlos alisimama haraka, akifunga vifungo vya shati.

"Aksanti, chef. Nilijua mutaona ukweli." Kisha akamwona mwalimu nyuma, akatabasamu. "Maître! Umetoka stesheni? Ile homa ya mutoto imeshuka?"

Inspekta alimtazama mwalimu. Mwalimu alimsogezea Carlos kiti.

"Kaa kwanza, Papa Carlos," Inspekta alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.