Mayai Saba ya Chatu

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi seremala, mtu ambaye penseli haimtoki sikioni. Chatu wake wa kufuga alipotaga kwa mara ya kwanza, aliyahamishia mayai yote saba kwenye sanduku la joto, akalifungia stoo, kwenye giza totoro.

Jioni mkewe akamuuliza, "Umeyaandika namba?"

Akashika kichwa. Yai la chatu likigeuka juu chini, mtoto hufia ndani. Ndiyo maana huandikwa namba upande wa juu.

"Jamani! Hata mlango wa choo umeuandika ile saba yako yenye kistari katikati kama mkanda kiunoni, mayai ndiyo umesahau?"

Aliogopa kuyagusa tena, akayaacha hivyo hivyo. Lakini kila alipopita stoo alisikia kwaru, kwaru, taratibu, kama mtu anayeandika gizani.

"Panya hao," akajipa moyo.

Siku ya sitini yakaanguliwa yote, watoto wazima. Akayakusanya maganda ayatupe. Kwa nje yalikuwa meupe pe. La mwisho lilikuwa limepasuka sana, akalifunua chini ya taa.

Kwa ndani, kwa penseli, palikuwa pameandikwa saba, na kiunoni imefungwa mkanda.