Bustani Isiyo na Kibarua

Kila alfajiri mimi na mama tulichota maji kisimani, tukamwagilia matuta ya mchicha, kisha tukavuna na kufunga mafungu ya kupeleka sokoni. Baba alitokea jua likishachomoza, akayapakia kwenye baiskeli na kuondoka. Mimi nilifika shuleni nimechelewa, miguu imejaa matope. Mwalimu alikwisha kunionya kwamba nikichelewa siku ya mtihani, sitaufanya.

Jioni ya kuamkia mtihani, baba alikuwa bustanini akimtambia jirani yetu, mimi na mama tukipalilia kando.

"Bustani yangu ni faida tupu! Sina kibarua hata mmoja."

Damu ilinichemka. "Kwani mimi na mama ni nani, baba?"

"Funga mdomo! Hapa unakula bure?"

Mama alitupa jembe chini. "Kesho mwanangu anawahi mtihani. Na mimi mgongo umechoka. Siji."

"Msije!" baba alifoka. "Nitaajiri mtu, na faida itabaki pale pale!"

Kesho yake nilifika shuleni kabla ya kengele, nikafanya mtihani. Niliporudi nilimkuta baba mlangoni akigombana na kibarua. Kijana wa watu alikuwa amemwagilia, amepalilia, amevuna na kufunga mafungu, sasa alitaka chake. Baba alimpa pesa yote ya mchicha wa siku ile, isitoshe. Akaingia chumbani, akatoa akiba yake na kumkabidhi huku amenuna.

"Mwizi mkubwa!" baba alisema baada ya kibarua kwenda zake. "Ameniingiza hasara."

"Hasara ilikuwapo siku zote," mama alimjibu bila kumtazama. "Tulikuwa tunailipa mimi na mwanao kwa migongo yetu, wewe ukaiita faida. Jasho la mtu wa nyumbani nalo ni gharama. Litoe kwanza, kitakachobaki ndicho ujisifie."

Baba aligeuka, akaingia ndani. Sikumwonea huruma hata chembe.

Asubuhi nilimkuta kisimani, ndoo mkononi, suruali imelowa hadi magotini. Matuta ya mbali, yale yaliyotutoa jasho jingi na kuzaa kiduchu, alikuwa ameyaacha makavu.

"Nenda shule," aliniambia, macho kayaelekeza kwenye ndoo.

Jirani alipita njiani, akacheka. "Vipi, faida bado tele?"

"Sijui," baba alinguruma, kashika kiuno. "Mwenyewe bado sijajilipa."