Msuko wa Kisogoni

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Dobi alikuwa ameshakonda mpaka sketi zinamvuka. Jioni hiyo jua likiwa linazama, alianika shuka ya mwisho, akajitanda mtandio, akaenda kusukwa. Kichwa chake hakikuwa na shida yoyote. Shida ilikuwa Msusi.

Mume wa Dobi aliendesha teksi, na kwa ukimya wake mtaa ulimwita Mpole. Kila magharibi teksi hiyo ilisimama mbele ya saluni ya Msusi, ikingoja wateja wa mwisho iwapeleke makwao. Hilo Dobi angelimeza. Kilichomkaba koo ni kiti cha mbele. Mara ngapi ameiona teksi kwa mbali, Msusi kajimwaga mbele kama yuko sebuleni kwake! Yeye mwenye mume, siku akibahatika kupanda, hukaa nyuma na kapu la nguo.

"Mbele kuna mafuta ya nywele, mke wangu. Utachafuka."

Mafuta! Aliyanusa kwenye kola kila alipofua. Akazigeuzageuza hizo kola akitafuta rangi ya mdomo, asiione. Alichokiona ni damu. Mpole alisema leo abiria katoka damu puani, kesho akasema ni kuku wa abiria, na Dobi akashusha pumzi. Akailoweka kwa maji baridi na chumvi, maana ya moto huigandisha. Damu haikumkosesha usingizi. Lakini angekuta wanja, wallahi siku hiyo pangechimbika!

Saluni ilikuwa chumba kimoja chenye kioo cha ufa. Msusi hakuwahi kumwona mke wa Mpole, na Dobi hakujitambulisha. Alitaka kumchungulia mwizi wake kwa karibu. Alikuwa na vidole vyepesi, mwanaharamu huyo, mpaka usingizi ulimnyemelea Dobi.

"Unakaa na nani, dada?" Msusi alinong'ona.

"Peke yangu," Dobi akadanganya.

Vidole vikasita... kisha vikaendelea, taratibu zaidi.

"Huu msuko wa kisogoni nauacha wazi. Mkono umechoka. Njoo kesho."

Dobi akaona amedharauliwa. Akatoka amenuna, akasimama barazani. Nyuma yake akasikia hatua anazozijua. Mpole alikuwa akija, na macho yake hayakutafuta uso wa mtu. Yalikuwa kisogoni. Dobi akageuka.

"Wewe?" Mpole akasema.

Akampakia nyuma. Akaondoa gari kabla Msusi hajafunga saluni. Wakaipita njia ya kwao, wakaingia barabara ya machimbo ya mawe, na gari likazimwa ukingoni kabisa. Hakukuwa na upepo. Vumbi jeupe lilikuwa limetulia juu ya kila kitu. Lakini huko chini shimoni...

Wanawake. Wengi. Wananong'ona.

"Tusuke..."

Mpole alikaa ameshika usukani, jasho linamtiririka. Mwishowe akageuza gari. Nyumbani akamkalisha mkewe sakafuni, katikati ya magoti yake, akaufunga ule msuko kwa mikono yake mwenyewe. Ukawa mzuri, umenyooka. Mwanamke mwingine angeuliza tulifuata nini machimboni. Dobi wetu akauliza:

"Nani kakufundisha kusuka?"

Mvua kubwa zilipokuja, shimo lilijaa maji, na maji yakawapandisha waliokuwa chini. Wanawake tu, wote wamesukwa vizuri, na kila mmoja msuko wa kisogoni uko wazi. Polisi wakamchukua Msusi, wakamchukua na Mpole.

Mahakamani mwendesha mashtaka alieleza polepole. Msusi aliwachagua wanaoishi peke yao, akawaachia alama. Dereva akiiona alama, anampakia mteja. Msusi akifunga saluni huingia kiti cha mbele, na wote wawili humalizia kazi machimboni. Kwa nini? Watu walinong'ona kwamba Msusi ana jini anayelishwa. Mwenyewe alicheka tu.

Dobi akaelewa yote: mashati, barabara ile, kisogo chake mwenyewe. Lakini kilichomchoma zaidi ni neno moja la mwendesha mashtaka. *Washirika.* Miaka yote hiyo, siri kubwa kuliko zote mume kampa yule, mke kapewa mashati!

Akapanda kizimba cha mashahidi, akaapa.

"Mume wangu akishusha wateja huja moja kwa moja kwangu. Na mashati yake nafua mimi. Mimi ni dobi, doa halinipiti. Sijaona hata tone."

Mpole akaachiwa kwa kukosa ushahidi. Msusi akapewa kifungo cha maisha. Akipitishwa na askari, aliinama sikioni mwa Dobi.

"Ulimtaka mzima mzima, dada? Mchukue mzima mzima. Na wageni wake."

Dobi akaenda kunyoa kichwa upara, asibaki na kazi ya mikono ile hata unywele mmoja. Sasa mume alikuwa wake peke yake. Akapika, akatandika, akaimba.

Ndipo jioni moja, akitoa nguo kambani, akasikia minong'ono sebuleni. Sauti za kike. Harufu ya mafuta ya nywele.

Damu ikampanda. Akasukuma mlango.

"Umeniletea wanawake humu ndani?"

Mpole alikuwa peke yake kwenye kigoda, machozi yanamtoka. Vidole vyake vilikuwa vikisuka hewa, haraka haraka. Sakafu ilikuwa na maji, na ndani ya maji mlikuwa na vumbi jeupe.

"Kila nikiwafunga wanafumuka," alinong'ona. "Wanasema mmoja hajafika. Wanamngoja."

Akanyanyua macho. Hayakutafuta uso wa mkewe.

Dobi akapeleka mkono kisogoni. Juu ya upara ule... nywele. Fungu moja refu, lenye maji, limeachwa wazi.

Mpole akasimama, akachukua funguo za gari.

"Twende, mke wangu."

Angeweza kupiga kelele, majirani walikuwa nje. Angeweza kukimbia. Lakini Mpole alitangulia, akamfungulia mlango wa gari, mlango wa mbele, akakifuta kiti kwa mkono wa shati. Na moyo wa Dobi, Mungu amrehemu, ukaruka kwa furaha. Akaketi. Akanyoosha miguu.

Milango ya nyuma ikafunguka yenyewe. Gari likadidimia, likadidimia tena, na tena. Milango ikafungwa taratibu. Pumzi za baridi zikamgusa kisogoni.

Dobi hakugeuka. Alimtazama mumewe kwa jicho la pembeni, akabetua mdomo.

"Na hawa? Hawa nao wanakwenda wapi na sisi?"